Mungu akivalishwa joho: Thor wa kibandani na Kibuuka wa Mbaale

Busia, upande wetu wa mpaka, Uganda, kuna kibanda cha filamu chenye mabenchi ya mbao na paa la bati ambalo mvua ikinyesha husikii kitu. Jioni moja tuliingia pale kutazama Thor, ile filamu ya mungu wa radi wa Wazungu mwenye nyundo. VJ, yule mtafsiri wa filamu papo hapo, alikuwa amejaa kwenye spika kama kawaida yao, Kiingereza kinaingia kwake kinatoka Kiganda, na chumvi anaongeza mwenyewe. Thor alipoinua nyundo na radi ikapasuka, VJ hakumtaja kwa jina lake. Alipaza sauti: "Kiwanuka!" Kibanda kizima kikaangua kicheko.

Kando yangu alikaa dereva wa lori kutoka Mombasa, anasubiri karatasi zake za forodha. Kiganda hajui hata salamu. Akaniinamia: "Ndugu yangu, Kiwanuka si yule fundi wa tairi pale steji?" Nikamwambia jina ni hilohilo. "Sasa amekuwaje mungu wa Wazungu?"

Tulipotoka tukasimama kwa muuza rolex, chapati ya kuviringishia mayai, na mjadala ukaiva kabla ya chapati. Mmoja alisema Thor alikuwa mtu kweli, mfalme wa zamani. Mwingine akasema Wazungu wanamwabudu mpaka leo ila wanaficha. Mama mmoja mlokole akaonya kwamba filamu zile ni ibada ya sanamu iliyopakwa rangi. Kijana wa simu akawacheka wote: kampuni ya Marvel ndiyo iliyombuni, basi. Halafu akatokea mzee aliyesema kama ni hivyo nasi tumsajili Kibuuka wetu, mungu wa vita wa Buganda, haraka, kabla mtu wa nje hajamchukua na kutuuzia tiketi. Foleni ya forodha ikasogea kabla sijamjibu dereva, nikamwahidi nitayaandika.

Tuanze na maneno, maana nusu ya ugomvi ule ilitoka humo.

Kisasili si ngano. Ngano ya sungura na fisi unawasimulia watoto ili walale, na ukiibadilisha mwisho hakuna atakayekushtaki. Kisasili ni hadithi ambayo watu wameitegemeza jambo: kwa nini mvua hunyesha, ukoo huu ulitoka wapi, kwa nini ziwa likichafuka wavuvi hawatoki. Ndani yake mna wenye nguvu kuliko binadamu, na hao ndio tunaowaita miungu ya kisasili. Buganda wanaitwa balubaale, mmoja ni lubaale. Hawa si Katonda, Muumba. Kila lubaale ana idara yake, kama wizara: Mukasa ana ziwa, Kiwanuka ana radi, Kibuuka ana vita. VJ wetu basi hakukosea. Alitafuta katika baraza la kwao waziri mwenye kazi ileile, akampa Thor jina lake.

Supahiro ni kiumbe kipya kabisa. Alizaliwa katika magazeti ya katuni ya Marekani, na wengi huhesabu kuanzia 1938 alipotokea Superman. Ili mtu aitwe supahiro kwa kawaida inampasa awe na uwezo uliopita wa watu, awe na kazi aliyojitwika ya kuokoa watu, na mara nyingi awe na sura mbili, ya vazi na ya nyumbani. Mfikirie mwendesha boda na koti lake la steji. Akilivaa ni boda wa namba fulani, ana sheria zake na wenzake. Akilivua ni jirani yako anayekudai elfu mbili.

Ukiweka mungu wa kisasili kando ya supahiro wanafanana sana, wote wanaruka na kupiga radi. Tofauti haiko kwenye uwezo. Mungu ana wenyewe, supahiro ana watazamaji. Mungu wa kisasili ana watu wake, mahali pake, na deni kati yake nao: ninyi mnipe mbuzi, mimi niwape mvua, mkinisahau, tutaonana. Supahiro hadai kitu. Anaokoa mji mzima halafu anaondoka, na anayedai ni mwenye kibanda mlangoni. Kumgeuza mungu kuwa supahiro ni kumkata lile deni, kisha kumvalisha joho.

Tumtazame Thor mwenyewe kabla hajakatwa. Watu wa Skandinavia walimwabudu kabla ya Ukristo kufika kwao. Mengi tunayoyajua juu yake yaliandikwa Iceland karne ya 13, na mwandishi mashuhuri kuliko wote ni Snorri Sturluson, Mkristo, aliyekusanya visasili hivyo yapata mwaka 1220. Thor wa maandishi hayo ya kale ana ndevu nyekundu, ana mke anayeitwa Sif, anavaa mshipi wa nguvu na glavu za chuma, na gari lake linavutwa na mbuzi wawili. Jioni akiwa na njaa huwachinja, huwala, huiweka mifupa yao juu ya ngozi, na asubuhi huibariki kwa nyundo, mbuzi wakasimama wazima. Siku moja alilala kwa mkulima, akawakaribisha wenyeji chakula, na mtoto wa nyumba akauvunja mfupa wa paja ili anyonye uroto. Kesho yake mbuzi mmoja akachechemea. Mkulima akaogopa mpaka akawatoa watoto wake wawili wawe watumishi wa Thor. Hayo ndiyo madeni ninayoyasema, na filamu za Marvel hazijayaonyesha, mtoto kwenda utumwani kwa sababu ya mfupa.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha harusi, na msomaji wa Uganda atakielewa upesi kuliko Mmarekani. Jitu liitwalo Thrym liliiba nyundo ya Thor, likaizika chini sana ardhini, likatoa sharti: nipeni mungu wa kike Freyja awe mke wangu, nami nitairudisha. Freyja akakataa kwa hasira. Ndipo miungu wakaamua kumvalisha Thor nguo za bibi harusi. Hebu fikiria kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kutambulishana na wakwe, viti vimepangwa, na bibi harusi aliyefunikwa uso ni mwanaume mwenye ndevu na mabega ya kubeba magunia. Loki, mjanja wa miungu hao, akaenda naye kama mpambe. Mezani bibi harusi akala ng'ombe mzima, samaki wanane, akashushia na mapipa matatu ya pombe ya asali. Jitu likashangaa. Loki akajibu bila kupepesa: maskini, siku nane hajala kwa hamu ya kuja kwako. Likafunua shela limbusu, likaona macho yanawaka moto. Loki tena: siku nane hajalala. Mwishowe nyundo ikaletwa ili iwekwe mapajani mwa bibi harusi, ndoa ibarikiwe. Thor akaishika. Kilichofuata hakihitaji VJ.

Mwone mwenyewe yule jitu: alimletea nyundo bibi harusi kwa sababu ilikuwa desturi. Nyundo ya Thor ilikuwa silaha, na pia ilikuwa chombo cha baraka. Watu walivaa vinyundo vidogo shingoni kama wengine wanavyovaa msalaba. Denmaki limehifadhiwa jiwe la kalibu la zama za Waviking, la kumiminia madini, lenye nafasi za misalaba na ya nyundo katika jiwe lilelile moja. Fundi yule hakuuliza dini ya mteja. Nikimkumbuka huwa nawaona wauzaji wetu wa kandokando ya kituo cha teksi, rozari mkono huu, tasbihi mkono ule.

Sasa 1962. Mwezi Agosti wa mwaka ule gazeti la katuni la Marvel lilimtoa Thor kwa mara ya kwanza akiwa supahiro, kazi ya Stan Lee, Larry Lieber na mchoraji Jack Kirby. Daktari Mmarekani anayechechemea, Donald Blake, anajikuta pangoni huko Norway, anaokota fimbo, anaipiga chini, fimbo inakuwa nyundo naye anakuwa Thor. (Kwa nini achechemee kama yule mbuzi, sijui. Nadhani ni bahati tu, lakini ni bahati nzuri.) Ndevu nyekundu zikaondoka, zikaja nywele za rangi ya dhahabu. Juu ya nyundo yakaandikwa maneno kwamba atakayeishika, akistahili, atapata nguvu za Thor.

Maneno hayo ya nyundo ndiyo yaliyobadilisha kila kitu, na ndiyo watoto wetu wanayoyajua. Mpwa wangu ana nyundo ya gunzi la muhindi aliyoichomeka kijiti. Anaiweka chini uani na kuwatoza wenzake waijaribu, halafu anatangaza nani anastahili. Katika kisasili hakuna mtihani huo. Jitu liliiba nyundo bila shida yoyote, ndiyo maana kukawa na harusi. Waandishi wa 1962 walichukua chombo cha kubariki ndoa wakakigeuza mtihani wa tabia. Na yule daktari ndiye sura ya pili niliyoitaja, koti la boda. Mungu haihitaji, maana hajifichi kwa mtu. Supahiro bila hiyo hana nyumbani.

Loki naye amebadilishwa undugu. Kwenye filamu ni ndugu wa kulea wa Thor, na wivu wao ndio unaoendesha hadithi. Katika visasili Loki alichanjiana damu na Odin, baba yake Thor. Kwa mila zetu hiyo inamfanya kama baba mdogo. Ukimwona Thor anamkaripia, ujue heshima imevunjika pale.

Kijana wa simu basi alikuwa nusu sahihi. Marvel haikumbuni Thor. Ilibuni daktari, joho, nywele na maandishi ya nyundo, na haki miliki yake inaishia hapo. Thor wa ndevu nyekundu na mbuzi wawili ni mali ya umma. Ukitaka kumwandikia mchezo wa redio ukauze Kampala, hakuna wa kukuzuia, ilimradi usimwige Thor wao. Ni kama njia ya kwenda mtoni. Nyumba ukiijenga kando yake ni yako, njia si yako. Hata neno lenyewe "supahiro", katika maandishi yake ya Kiingereza, Marvel na wapinzani wao DC walilishikilia kwa pamoja kama alama ya biashara kwa miaka mingi, mpaka Septemba 2024 ofisi ya alama za biashara ya Marekani ilipoifuta.

Aliyesema Thor alikuwa mfalme hakuota pia. Snorri mwenyewe, katika utangulizi wake, aliandika kwamba miungu hiyo ilikuwa binadamu waliotoka Asia, na kwamba Thor alikuwa mjukuu wa mfalme wa Troya. Wanahistoria hawalichukui hilo kuwa historia. Snorri alikuwa Mkristo anayesimulia miungu ya mababu, na njia salama ya kuwasimulia ilikuwa kusema walikuwa watu wakubwa tu ambao wajinga waliwaita miungu. Ukiwasikiliza wazee wa Buganda wakieleza kwamba balubaale walikuwa watu wenye vipaji vilivyopita kiasi, kisha wakaheshimiwa baada ya kufa, utausikia wimbo huohuo. Ila kwetu haukuhitaji Mkristo wa kuutunga.

Na wanaomwabudu? Wapo, wala hawafichi. Iceland kuna jumuiya ya dini ya kale iliyoundwa 1972, na serikali ikaitambua mwaka uliofuata. Ni wachache. Wengi wa Ulaya ya kaskazini wamebakiwa na jina tu: kila wiki mtoto wa shule hapa Uganda huandika "Thursday" kwenye daftari, na hiyo ni siku ya Thor. Sisi tunaandika Alhamisi, ya tano ya Kiarabu. Waganda wanaandika Lwakuna, ya nne. Hakuna anayefanya ibada kwa kuandika tarehe.

Yule mama mlokole sitamdhihaki. Hofu yake ina msingi, ila ameiweka mahali pasipo. Ibada ina sadaka, nadhiri, kitu unachokiogopa ukikivunja. Kwenye kibanda kile nilichokiogopa ni benchi kuvunjika. Mungu aliyegeuzwa supahiro amevuliwa kilekile ambacho mama anakiogopa. Angenisikiliza, ningemwambia ahofie upande wa pili: kwamba kitu cha watu kimechukuliwa kitakatifu, kimerudi kitupu.

Hapo ndipo anapoingia Kibuuka, na mzee wa rolex.

Hadithi yake wengi mmeisikia vipandevipande. Kabaka Nakibinge, mfalme wa Buganda, alipozidiwa vitani na Banyoro, watu wa ufalme jirani wa Bunyoro, alikwenda visiwa vya Ssese kuomba msaada, akapewa Kibuuka, ndugu yake Mukasa. Jina linatokana na kuruka, kwa Kiganda okubuuka. Kibuuka alipaa mpaka ndani ya wingu, akatulia juu ya uwanja wa vita, akawamiminia Banyoro silaha kutoka juu, nao hawajui zinatoka wapi. Alikuwa amekatazwa asijihusishe na wanawake wa Kinyoro. Wanawake hao wakatekwa, mmoja akampendeza, akamchukua nyumbani. Mwanamke akajua siri, akatoroka, akawaambia watu wake: lipigeni wingu. Siku iliyofuata wapiga mishale wakalenga wingu. Kibuuka akajeruhiwa, akaruka mpaka kwenye mti mkubwa Mbaale, akafia hapo. Nakibinge naye alikufa katika vita hivyo. Hekalu la Kibuuka likajengwa Mbaale, Mawokota, njia ya Masaka. Wengi hudhani ni Mbale ya mashariki, chini ya Mlima Elgon. Siyo, na nauli haifanani.

Ukiisoma upesi, supahiro yuko tayari. Anaruka, anaokoa taifa, na ana udhaifu wake wa siri, kama lile jiwe la kijani linalomlegeza Superman. Hata joho halihitajiki, wingu linatosha. Lakini angalia alivyoishia. Kibuuka alikufa. Thor wa kisasili naye atakufa siku ya mwisho wa dunia yao: atamuua joka la baharini, atapiga hatua tisa, na sumu itamwangusha. Supahiro hafi, kwa sababu wateja bado wapo. Superman aliuawa kwenye katuni ya 1992, watu wakapanga foleni kununua kifo chake, na mwaka uliofuata akawa amerudi kazini.

Na Kibuuka hakuacha hadithi tu. Aliacha mabaki: taya lake na vitu vyake vingine vilitunzwa hekaluni vizazi na vizazi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mmisionari John Roscoe alivipata, vikapelekwa Chuo Kikuu cha Cambridge, vikawekwa kwenye makumbusho. Vilirudishwa Uganda 1962, na vikawekwa Makumbusho ya Uganda, Kira Road. Mwaka uleule. Huko Marekani mungu mmoja alikuwa anapewa daktari na joho, huku kwetu mungu mwingine alikuwa anarudishwa nyumbani ndani ya sanduku, nchi ikijiandaa kwa uhuru wa Oktoba 9.

Ndiyo maana jibu langu kwa mzee ni refu. Hadithi ya Kibuuka haiwezi kusajiliwa na mtu mmoja, wetu wala wa nje, kama Thor asivyosajilika. Atakayechora kwanza atamiliki mchoro wake, basi. Lakini Thor alichukuliwa nyumba ikiwa karibu tupu. Kibuuka bado ana wenyewe, wapo wanaokwenda Mbaale kwa shida zao na kuna wanaopatunza. Kumchora si kosa kwa hilo tu. India kuna mfululizo wa katuni za miungu ya Kihindu ulioanza 1967, watoto wanausoma, na mahekalu hayajafungwa. Tofauti ni kwamba wengi wa waliochora walikuwa wa humohumo ndani, wanajua mkono upi unashika nini na kwa nini. Mashaka huanza anapochora mtu anayeona wingu tu na haoni mti wa Mbaale. Hapo Kibuuka atapewa daktari wa kumficha, na yule mwanamke wa Kinyoro atageuzwa adui mwenye kicheko kibaya, wakati kwa Banyoro yeye ndiye supahiro wa hadithi nzima.

Wiki iliyopita dereva wangu alinipigia simu kutoka barabarani. Anataka mchoraji amchoree Kibuuka nyuma ya lori, na wingu lake na mkuki wake, anauliza alipe nani. Nikamwambia hadithi ni bure, mchoro amlipe mchoraji, na kama anataka kuuliza lolote zaidi basi akate kona Mpigi aende Mbaale, asiende mikono mitupu. "Mbuzi?" akauliza. Nikasema hilo awaulize wenyewe. Ila mizigo ya Hoima ampe dereva mwenzake, maana kule ni Bunyoro, na wingu wanalijua.